Hivi Seneti ya Kenya siku za kawaida inafanyaga kazi gani?

MangiVitunguu (Moshi)

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Naomba kujuzwa kitu kimoja, kimenikaa kichwani siku nyingi. Mimi ni mtu wa Moshi, nauza vitunguu na ndizi, nashusha mzigo Mbuyuni na mara moja moja navuka nao mpaka. Sasa ule mwezi wa kumi 2024 walipokuwa wanamtoa naibu rais wa Kenya, Gachagua, mimi nilikuwa kwa kinyozi hapa Majengo, tv iko juu kwenye kona, watu tumejaa mpaka wasionyolewa, mwenye saluni kapandisha sauti kamwacha mteja kichwa nusu kimenyolewa nusu bado. Tumeangalia mpaka usiku. Nilichokishika ni kwamba Bunge lao lilishampigia kura wiki moja nyuma, halafu bado ikabidi apelekwe Seneti. Jamaa mmoja pale akasema ile ni mahakama, mwingine akasema hapana ni bunge la wazee, tukabishana mpaka ikawekwa soda. Soda hiyo mpaka leo haijanywewa maana hakuna aliyejua jibu.

Sasa juzi dada yangu kaolewa Kenya (mpaka upi sisemi, mtamjua) kanipigia simu. Soko wanalouzia lilianza kujengwa miaka mingi sasa, nguzo zimesimama, mabati nusu, mvua ikinyesha wamama wanauza nyanya wakiwa kwenye tope. Wakiuliza wanaambiwa hela haijashuka. Kuna mtu kawaambia nendeni kwa seneta. Dada ananiuliza mimi eti kaka wewe si unafuatilia siasa, seneta anahusikaje hapa? Nikabaki natoa macho tu, sisi huku tunajua diwani na mbunge, basi.

Kwa hiyo naomba mnieleweshe, hao watu siku ambayo hawamfukuzi mtu wanashinda wanafanya nini, na hilo soko linawahusu kweli au dada yangu anazungushwa tu? Wenye matusi pitieni mbali, nina shida ya kweli.


ChaliiWaSakina

Wanakula posho mkuu. Uzi ufungwe.


kahawa_chungu

nimekaa pale na kikombe changu nasubiri waje wajuzi


Mdawida_Arachuga

Mangi salama? Mimi ni Mkenya, Mtaita, niko Arusha mwaka wa tatu sasa napiga picha za video za watalii, lakini kabla ya hapo nilikuwa nabeba kamera ya stesheni moja ya runinga Nairobi na kwa karibu miaka minne kazi yangu ilikuwa kukaa pale Seneti nikingoja jambo litokee. Nakwambia ukweli, siku nyingi halitokei. Nilijifunza kusinzia nikiwa nimesimama.

Wacha nianze na soda yenu. Wote wawili wamekosa lakini yule wa mahakama alikaribia. Kwetu rais au naibu wake akitaka kuondolewa, Bunge la Kitaifa ndilo linashtaki, Seneti ndiyo inasikiza mashtaka na kuamua. Ni kama mmoja ni polisi na mwingine hakimu, ila hakimu mwenyewe ni watu 67. Gachagua alipigiwa kura na wabunge tarehe 8 Oktoba, 281 wakasema aende, kisha maseneta wakakaa tarehe 16 na 17. Mashtaka yalikuwa 11 na kila moja lilipigiwa kura yake peke yake, ndiyo maana uliona usiku umeingia na kinyozi hajafunga. Theluthi mbili ya 67 ni watu 45, na shtaka moja tu likifika hapo linatosha, yake yalipita matano. Mwenyewe alikuwa hospitalini wakati huo, wakili wake akaomba waahirishe, wakakataa.

Lakini hiyo ni sikukuu. Siku za kawaida ziko hivi. Wanakaa Jumanne kuanzia saa nane unusu mchana, Jumatano asubuhi saa tatu unusu na tena mchana, Alhamisi mchana. Kengele inalia kwenye korido zote, Spika anaingia na msafara wake mbele imebebwa siwa, lile rungu la heshima la bunge, dua inasomwa, halafu mtu anahesabu vichwa. Wakitimia 15 kikao kinaanza. 15 kati ya 67! Na usidhani wanatimia kirahisi, kuna siku kengele inalia na kulia na wewe uko juu na kamera yako unahesabu, kumi na moja, kumi na mbili, yule mmoja katoka kupokea simu, rudi kumi na moja.

Wakitimia wanaanza karatasi. Kuna mtu anasimama anaweka ripoti mezani, hajasoma chochote, anataja jina la ripoti na anakaa. Halafu maombi ya wananchi. Halafu taarifa, hapa seneta anasimama anasema nataka kamati ya afya itueleze kwa nini zahanati fulani haina dawa tangu mwezi fulani, na Spika anaipeleka kwa kamati husika. Siku zingine taarifa hizi zinachukua mchana wote, kila mmoja ana barabara yake, ana maji yake, ana walimu wake wa chekechea hawajalipwa. Mwanzoni nilikuwa naona ni upuzi mtupu, baadaye nikagundua ndiyo njia ya mtu wa kule Marsabit kusikika Nairobi na jina la kijiji chake likaandikwa kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za bunge, milele.

Na kuna kitu kilikuwa kinanichekesha. Unaruhusiwa kuongea Kiswahili au Kiingereza (na lugha ya ishara), lakini ukianza na moja umalize nayo. Sasa seneta anaanza kwa mbwembwe, "Asante Bwana Spika kwa kunipa fursa hii adhimu," dakika mbili baadaye Kiswahili kimekauka, anaingiza "budget allocation," hapo hapo mwenzake anaruka juu, hoja ya nidhamu! Anarudishwa kwenye Kiswahili kama ng'ombe aliyetoroka zizi. Wale wa Pwani walikuwa wanafurahia sana hizo dakika.

Nimechoka kuandika kwa simu, ya soko nitakuja nayo.


ChaliiWaSakina

Watu 15 wanaongea, 52 wako wapi? Posho mkuu, nilisema.


Mdawida_Arachuga

Wengi wako kwenye kamati bana. Kazi yenyewe iko kule, ukumbini ni kama kanisani, ibada unaiona lakini hesabu za sadaka zinafanyika vyumba vya nyuma. Ila ndiyo, na posho ipo, sikatai.


DadaWaNjiro

Jamani si ndo kama hili bunge letu la Afrika Mashariki hapa Arusha? Napitaga pale makao makuu kila siku nikienda kazini naona magari ya vibendera, mi nilijua lile ndo seneti ya nchi zote.


MwlMstaafu_Marangu

Hapana binti, hilo ni kitu kingine. Lile la Arusha ni bunge moja tu la Jumuiya, lilianza 2001, kila nchi inapeleka wabunge 9 wanaochaguliwa na bunge la nchi yao, na sheria wakiipitisha inangoja marais waridhie. Halina bunge jingine juu yake wala chini yake. Na kwa faida ya wengine, Baraza la Wawakilishi la Zanzibar nalo siyo seneti, lile ni bunge la Zanzibar kwa mambo ya Zanzibar, nimefundisha uraia miaka mingi na kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi anaandika hivyo kwenye mtihani.

Ila nikuongezee jambo ambalo wengi hawalitazami. Nchi za Jumuiya sasa ni nane. Kenya wana mabunge mawili, Rwanda wana Seneti ya watu 26, Burundi wanayo, Kongo wanayo, Sudan Kusini wanaita Baraza la Majimbo, Somalia wanayo. Waliobaki na moja ni sisi na Uganda tu. Kwa hiyo MangiVitunguu usione aibu kutojua, sisi ndiyo wageni kwenye hili.

Na Kenya yenyewe hii ni ya pili. Walipopata uhuru 1963 walikuwa na Seneti ya watu 41, mwisho wa 1966 wakaiunganisha na lile bunge jingine ikapotea. Hii ya sasa imetokana na katiba ya 2010, ikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Karibu miaka hamsini wamekaa bila.


MangiVitunguu

Shikamoo mwalimu, ahsante sana. Mdawida nawe ahsante, yaani nimecheka peke yangu kwenye kifodi mpaka konda ananiangalia.

Sasa hapa sijaelewa, kama wana bunge tayari la nini kuongeza lingine? Si ni kuongeza midomo tu. Na hao 67 wametoka wapi, mbona wabunge wao ni mamia?


Mdawida_Arachuga

Swali zuri. Mbunge anawakilisha watu wa jimbo lake. Seneta anawakilisha kaunti, yaani ile serikali ndogo yenye gavana. Kaunti ziko 47, kila moja inachagua seneta mmoja, hapo una 47. Ongeza wanawake 16 wanaoteuliwa na vyama kulingana na viti walivyoshinda, vijana wawili, mmoja wa kiume mmoja wa kike, na watu wenye ulemavu wawili vivyo hivyo. Jumla 67, Spika ni wa juu yake. Sasa hivi Spika ni Amason Kingi, aliwahi kuwa gavana wa Kilifi.

Sasa utamu uko kwenye kura. Jambo likihusu kaunti, hawapigi kura kila mtu yake. Kila kaunti ina kura MOJA. Seneta aliyechaguliwa ndiye kiongozi wa ujumbe wa kaunti yake, anaitwa jina anasimama anasema ndiyo au la kwa niaba ya kaunti nzima, wale walioteuliwa wanashauri tu kura hawana. Zinatakiwa kura 24 kupita. Fikiria sensa ya 2019, Nairobi ina watu 4,397,073, Lamu ina 143,920. Kwenye Bunge la Kitaifa Nairobi ina wabunge 17 wa majimbo, Lamu ina wawili. Ukija Seneti, kila moja ina kura moja. Sawa sawa.

Mwaka 2020 ndipo nilielewa hii kitu ina makali. Kila baada ya miaka mitano Seneti ndiyo inatunga fomula ya kugawa pesa kati ya kaunti zote, sasa ikaja fomula inayopima zaidi idadi ya watu. Kaunti za watu wengi kama Kiambu na Nakuru zikafurahi, kaunti kubwa za ardhi zenye watu wachache kama Wajir, Mandera na Marsabit zikaona mabilioni yanaondoka. Walikaa wakashindwa, wakarudi wakashindwa, tangu Juni, sisi watu wa kamera tukawa tunalala na begi tayari. Agosti kuna siku ya kura maseneta watatu wakakamatwa na polisi asubuhi, kikao kikageuka kuwa cha hilo tu. Mpaka 17 Septemba ndipo wakakubaliana kwamba hakuna kaunti itapoteza hata shilingi, fomula mpya ingoje mgao uongezwe, na kweli mwaka uliofuata mgao ukapanda kutoka bilioni 316.5 hadi 370. Kama ingekuwa ni kuhesabu watu tu, wale wa kaskazini wangemezwa siku ya kwanza kabla ya chai ya saa kumi.

Ndiyo maana midomo imeongezwa mangi. Katiba inasema kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kila mwaka Bunge la Kitaifa linataka kutoa kidogo na Seneti inataka kingi. 2019 wabunge walisema bilioni 310, maseneta wakasema 335. Wakishindwana, maspika wanateua kamati ya upatanishi, idadi sawa kila upande, siku 30. Wakaishia hiyo 316.5, sasa piga hesabu mwenyewe nani alishinda, haha.


kahawa_chungu

kwa hiyo seneta ni mtu wa kugombea mahari


Mdawida_Arachuga

Aisee hiyo nitaiiba. Ndiyo, mjomba wa bibi harusi.


ChaliiWaSakina

Mi bado. Hapo mwisho walisalimu amri kwa wabunge. Bunge la juu gani linalopigwa na la chini.


MwlMstaafu_Marangu

Hilo neno juu na chini ndilo linalopotosha, na Wakenya wenyewe huwa wanagombania nani wa juu. Katiba yao haisemi. Kwenye pesa, muswada wa fedha hauanzii Seneti kabisa, unaanzia Bunge la Kitaifa. Na hata huko walikotoka hawa wakoloni wetu, House of Lords ya Uingereza haiwezi kuzuia bajeti, inaweza kuichelewesha mwezi mmoja tu, na miswada mingine mingi kama mwaka mmoja. Wale hata kuchaguliwa hawachaguliwi. Zamani mtu alirithi kiti kwa baba yake kama shamba la kihamba, mwaka 1999 wakawaondoa wa kurithi wakabakiza 92. Wengi wao mshahara hawana, wanalipwa kwa siku waliyohudhuria, kwa hiyo kijana wa Sakina hapo kwenye posho umegusa ukweli wa ulimwengu mzima. Akidi yao, yaani idadi ya chini ya kuanza kikao, ni watu watatu. Na wakipiga kura hawasemi ndiyo wala hapana, wanasema nimeridhika au sijaridhika. Spika wao kwa mila anakalia gunia lililojazwa sufu.

Nimetoka nje ya mada, samahanini, uzee.


DadaWaNjiro

😂😂 mwalimu endelea tu, gunia la sufu jamani


ChaliiWaSakina

Shikamoo mwalimu, sikujua naungwa mkono na Uingereza.


Mdawida_Arachuga

Mwalimu kasema sawa lakini Chalii usiende mbali sana na hiyo. Wabunge walijaribu kuwapita pembeni, wakawa wanapitisha sheria bila kuwaonyesha maseneta. Seneti ikaenda mahakamani, Oktoba 2020 Mahakama Kuu ikafuta sheria 23 kwa mpigo kwa sababu Seneti haikuhusishwa. Nilikuwepo siku hiyo, sijawahi ona maseneta wamejaa ukumbini wakitabasamu vile hata siku ya kuapishwa.

Haya, soko la dada sasa, nisije nikasahau.

Mangi, masoko kwa katiba yetu ni kazi ya kaunti. Siyo ya mbunge, siyo ya seneta. Gavana ndiye anajenga, na bunge la kaunti, wale wawakilishi wadi ambao ni kama madiwani wenu, ndio wanapitisha bajeti yake na kumfuatilia kila siku. Seneta hana mfuko wa kujenga hata choo. Mbunge ana mfuko wa maendeleo ya jimbo, seneta hana, wameulilia sana. Kwa hiyo akija seneta kwenye mkutano akasema "nitawajengea soko," mpigieni makofi muende nyumbani.

Lakini anahusika kwa njia nyingine. Pesa ikitoka Nairobi kwenda kaunti, Seneti ndiyo ina jukumu la kuuliza imeenda wapi. Kuna kamati ya hesabu za kaunti, hii ndiyo niliipenda kuliko ukumbi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaandika ripoti ya kila kaunti, halafu gavana anaitwa aje ajibu yeye mwenyewe. Unamwona gavana ambaye kwao akipita barabara inafungwa, anakuja na katoni za mafaili na nyuma yake safu mbili za maofisa wa fedha wamebana mikono, na seneta mmoja anasoma polepole, ukurasa fulani, aya fulani, mradi wa soko, mkandarasi amelipwa kiasi hiki, mkaguzi alipofika alikuta nyasi. Elezea. Kile kimya kinachofuata, aisee, kamera yangu ilikuwa inapenda hicho kimya. Gavana anamgeukia ofisa wa fedha, ofisa anafungua faili, faili siyo lenyewe.

Magavana walipinga sana kuitwa, wengine walikataa kuja kabisa, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu na 2022 ikasema Seneti ina haki ya kuwauliza hata pesa wanazokusanya wenyewe kule kaunti, siyo tu zile za kutoka Nairobi. Kwa hiyo hata ushuru wa soko anaolipa dada yako kila asubuhi, wanaweza kuuliza.


ChaliiWaSakina

Haya wamemuuliza. Faili siyo lenyewe. Soko linajengwa?


Mdawida_Arachuga

La. Hapo umenipata. Kamati inaandika ripoti na mapendekezo, kumkamata mtu ni kazi ya wengine. Na tatizo kubwa ni muda, mara nyingi wanajadili hesabu za miaka iliyopita, gavana aliyekula ameshatoka ofisini, aliyekaa kwenye kiti anajibu "Mwenyekiti, mimi sikuwepo." Nimesikia hilo jibu mara nyingi kuliko wimbo wa taifa.

Silaha kubwa waliyonayo ni ile ya kuondoa gavana, lakini hawaanzi wao. Bunge la kaunti lipige kura kwanza, theluthi mbili, ndiyo anapelekwa Seneti, huko anasikizwa na kamati ya watu 11 au na wote ukumbini. Wambora wa Embu 2014 alikuwa wa kwanza, Waititu wa Kiambu Januari 2020, Sonko wa Nairobi Desemba hiyo hiyo 2020. Wambora mahakama ilimrudisha kwenye kiti! Kwa hiyo dada asisubiri hiyo.


DadaWaNjiro

Samahani kidogo, sisi hapa mtu wa kumuuliza mkurugenzi hela ya soko ni nani? Nauliza tu maana soko langu nalo ninalonunulia mboga lina tope.


MwlMstaafu_Marangu

Baraza la madiwani kwanza. Na kule Dodoma kuna kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, inaitwa LAAC, nayo inafanyia kazi ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu wa huku, wakurugenzi wanaitwa kama hao magavana. Tofauti ni kwamba mkurugenzi ameteuliwa, gavana amepigiwa kura, kwa hiyo gavana ana kiburi cha kura. Anaweza kumwambia seneta na wewe na mimi tumechaguliwa na watu wale wale, kaunti ile ile. Na kweli, wengi wanagombana kwa sababu seneta anautaka ugavana uchaguzi ujao. Hiyo hawataiandika kwenye kitabu cha uraia.


Mdawida_Arachuga

Mwalimu umemaliza 😂. Nusu ya makali ya seneta kwa gavana ni hamu ya kiti chake.


mama_petition

Nimesoma uzi wote, ngoja niongeze maana hapa ndo napajua. Mimi ni Mtanzania nimeolewa Kenya, nimewahi kuwa katibu wa kikundi cha wamama, tumeandika ombi bungeni kwa mkono wetu wenyewe bila wakili. Kaka MangiVitunguu mwambie wifi yetu hivi.

Katiba ya Kenya inasema kila mtu ana haki ya kupeleka ombi Bungeni, na siyo lazima muwe mia, hata mmoja. Mnaandikia Karani wa Seneti, au mnampa seneta wenu aliwasilishe yeye ukumbini. Sisi tulimpa seneta kwa sababu akisimama kulisoma anapigwa picha, na akishapigwa picha hawezi kulisahau haraka. Linaenda kamati, kamati ina siku 60 kujibu. Msihesabu siku 60 kama 60 za kalenda ya ukutani lakini mnapata pa kushika.

Linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, msidanganywe mlipie mtu wa Kiingereza. Kwa mkono au kompyuta, sawa, ila lisiwe na kufutafuta wala maneno yamechomekwa juu ya mstari, mkikosea andikeni ukurasa upya. Mseme mlishapeleka wapi kabla na mlijibiwa nini, hapa ndo wengi wanaanguka, kwa hiyo waanze bunge la kaunti na watunze barua yenye muhuri wa kupokelewa. Mseme kama kuna kesi mahakamani kuhusu hilo soko au hakuna. Mwisho mseme mnaomba nini hasa, siyo "mtusaidie," mseme tunaomba kamati imwite gavana aeleze hela ya soko fulani ya mwaka fulani na kamati ije ilione. Jina, anwani, namba ya kitambulisho, sahihi, asiyejua kuandika anaweka dole gumba. Sisi nusu ya ukurasa ilikuwa madole gumba ya wino wa bluu.

Na la muhimu kuliko yote, sheria inataka lugha ya heshima. Likiwa na matusi linarudi.


kahawa_chungu

na lenu lilijibiwa?


mama_petition

Kamati ilikuja. Walikuja na magari matatu, wakatembea kwenye tope na viatu vyao, mmoja kiatu kikabaki. Wakaandika. Kazi ilianza tena baada ya miezi saba, siwezi kusema ni kwa sababu ya ombi au kwa sababu uchaguzi ulikuwa umekaribia. Ila mabati yapo.


ChaliiWaSakina

Haya na mimi nimesanda kidogo. Kidogo tu.


MangiVitunguu

Wakuu ahsanteni sana sana, sikutegemea. Soda nimeamua ile ya kwa kinyozi nainywa mwenyewe, wote walikosa.

Mrejesho: jana nimempigia dada nikamsomea ya mama_petition neno kwa neno, akaandika huku anasikiliza. Wako wamama 34 tayari na bunge la kaunti walishapeleka barua mwaka jana, muhuri upo, ila nakala mmoja alifungia karanga, sasa wanamtafuta aliyenunua karanga.

Leo asubuhi kanitumia rasimu kwa wasap. Ukurasa wa kwanza safi kabisa, heshima tupu, "Mheshimiwa Karani wa Seneti." Ukurasa wa pili kafika kwa mkandarasi, jamani dada yangu tumelelewa naye nyumba moja lakini baadhi ya maneno hata mimi nilikuwa siyajui. Nimemwambia andika ukurasa upya. Kanijibu yale maneno ni ya heshima ukilinganisha na aliyoyatoa. mama_petition ukiwa na nafasi naomba nikutumie pm uyapitie yapi yabaki.